Ufuatiliaji wa vifurushi vya posta vinavyochelewa forodhani

Ufuatiliaji wa vifurushi vya posta ya kimataifa ni utaratibu wa kutafuta mahali kilipo kifurushi au barua iliyotumwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, hasa pale inapochelewa njiani au inapozuiwa na maofisa wa forodha. Utaratibu huo unahusu pande tano: mtumaji, posta ya nchi inakotoka, posta ya nchi inakokwenda, mamlaka ya forodha ya nchi hiyo, na mpokeaji.

Nchini Tanzania vifurushi vya posta hushughulikiwa na Shirika la Posta Tanzania, na ushuru wake hutozwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kupitia idara yake ya forodha. Kifurushi cha mkazi wa kata ya Igogo, katika wilaya ya Nyamagana jijini Mwanza, kwa kawaida hufika kwanza Dar es Salaam, hupita forodhani, kisha husafirishwa zaidi ya kilomita 1,100 hadi Mwanza.

Kifurushi kilichochelewa si lazima kiwe kimepotea. Kinaweza kuwa kimesimama katika kituo fulani kikisubiri karatasi, malipo au mtu wa kukichukua. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya ufuatiliaji ni kujua kimesimama wapi, na ya pili ni kujua nani ana haki ya kukiulizia. Kazi zote mbili zina muda wake. Muda huo ukipita, kifurushi kinaweza kurudishwa kwa mtumaji, kupigwa mnada au kukosa fidia.

Historia

Kabla ya karne ya 19 kwisha, nchi zilikuwa zikipatana mbili mbili kuhusu kubadilishana barua. Hali hiyo ilibadilika tarehe 9 Oktoba 1874, wakati nchi 22 zilipotia sahihi mkataba mjini Bern, Uswisi, na kuanzisha chombo ambacho leo huitwa Umoja wa Posta Duniani. Tangu mwaka 1948 ni shirika maalumu la Umoja wa Mataifa. Tarehe 9 Oktoba huadhimishwa kila mwaka kama Siku ya Posta Duniani. Umoja huo ndio unaoweka kanuni za namba za ufuatiliaji, fomu za forodha na maulizo ya vifurushi vilivyopotea.

Katika Afrika Mashariki, huduma za posta za Kenya na Uganda ziliunganishwa mwaka 1911, na Tanganyika ikajiunga nazo mwaka 1933. Upande wa Ziwa Viktoria, reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Kabla ya hapo, njia kuu ya mizigo ya Mwanza kwenda pwani ilikuwa meli hadi Kisumu, kisha reli hadi Mombasa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi iliunda shirika lake. Tanzania ilikuwa na Shirika la Posta na Simu hadi lilipogawanywa. Shirika la Posta Tanzania liliundwa kwa sheria ya mwaka 1993 na kuanza kazi tarehe 1 Januari 1994. TRA ilianza kazi tarehe 1 Julai 1996, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambayo husimamia pia huduma za posta, ilianza mwaka 2003.

Namba ya ufuatiliaji

Vifurushi vya posta, EMS na barua za rejista hupewa namba yenye herufi na tarakimu 13 kwa kufuata kiwango cha Umoja wa Posta Duniani kiitwacho S10. Namba hiyo huandikwa pamoja na msimbo wa mistari unaosomwa na mashine. Ina sehemu nne:

- herufi mbili za mwanzo zinazoonyesha aina ya huduma;
- tarakimu 8 za kifurushi chenyewe;
- tarakimu moja ya uhakiki;
- herufi mbili za nchi kilikotumwa, kama TZ kwa Tanzania, KE kwa Kenya, GB kwa Uingereza, CN kwa China na OM kwa Omani.

Herufi ya kwanza ina maana kubwa. E ni huduma ya haraka ya EMS, C ni kifurushi cha kawaida, R ni barua ya rejista, V ni kitu kilichowekewa bima, na L ni barua inayofuatiliwa. Herufi U huwekwa kwenye vitu vidogo ambavyo havina huduma ya ufuatiliaji. Watu wengi wanaonunua bidhaa za bei ndogo mtandaoni hupewa namba inayoanza na U. Namba hiyo inaweza kuonyesha kwamba kifurushi kimetoka nchi ya mtumaji, kisha isionyeshe lolote tena. Ukimya huo hauna maana kwamba kimepotea. Mtumaji hakulipia ufuatiliaji.

Tarakimu ya uhakiki husaidia kugundua namba iliyonakiliwa vibaya. Hupatikana kwa kuzidisha tarakimu nane kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7 kwa mfuatano huo, kujumlisha majibu, kugawa jumla kwa 11 na kutoa baki kutoka 11. Jibu likiwa 10 huandikwa 0, na likiwa 11 huandikwa 5. Kwa mfano, katika namba RR123456785TZ:

- 1×8, 2×6, 3×4, 4×2, 5×3, 6×5, 7×9 na 8×7 ni 8, 12, 12, 8, 15, 30, 63 na 56;
- jumla yake ni 204;
- 204 kugawa kwa 11 ni 18 na baki 6;
- 11 kutoa 6 ni 5, ambayo ndiyo tarakimu ya tisa.

Hesabu isipolingana, namba imekosewa, na hakuna ofisi itakayoweza kukipata kifurushi kwa namba hiyo.

Kampuni binafsi za usafirishaji kama DHL, FedEx na UPS hazitumii kiwango cha S10. Namba za UPS, kwa mfano, mara nyingi huanza na 1Z. Kifurushi cha kampuni hizo hakipiti mikononi mwa posta, kwa hiyo kukiulizia posta ni kupoteza siku. Kampuni yenyewe ndiyo hukipitisha forodhani kwa niaba ya mpokeaji na kumdai ushuru pamoja na ada yake.

Hatua za safari

Kila kifurushi kinapopita kituo husomwa kwa mashine, na taarifa hutumwa kati ya posta za nchi mbili. Tukio kila moja lina msimbo wa herufi tatu. Tovuti nyingi huonyesha maneno badala ya misimbo, lakini mpangilio ni uleule:

- EMA: kimepokelewa kutoka kwa mtumaji;
- EMB: kimefika katika ofisi ya mabadilishano ya nchi kinakotoka;
- EMC: kimeondoka katika ofisi hiyo;
- EMD: kimefika katika ofisi ya mabadilishano ya nchi kinakokwenda;
- EDB: kimewasilishwa forodhani;
- EME: kimezuiwa na forodha;
- EDC: kimerudishwa posta kutoka forodhani;
- EMF: kimeondoka katika ofisi ya mabadilishano;
- EMG: kimefika katika posta ya mpokeaji;
- EMH: kimejaribiwa kukabidhiwa bila mafanikio;
- EMI: kimekabidhiwa.

Ofisi ya mabadilishano ni kituo ambapo mifuko ya barua kutoka nje hufunguliwa na kuandikishwa. Katika taarifa za ufuatiliaji, vituo vya Dar es Salaam hutambulika kwa msimbo unaoanza na TZDAR, vya Nairobi kwa KENBO.

Msomaji wa taarifa hizo anapaswa kutazama tukio la mwisho. Likiwa EMC, kifurushi bado kiko kati ya nchi mbili: huenda kinasubiri ndege, au kimefika na hakijasomwa. Posta ya Tanzania haiwezi kukitafuta wakati huo kwa sababu haijakipokea. Likiwa EMD au EDB, kiko nchini na kinasubiri zamu ya ukaguzi. Likiwa EME, forodha inahitaji kitu kutoka kwa mpokeaji. Likiwa EMG au EMH, kimekwisha kupita forodhani na kiko katika posta ya karibu. Wapo wanaosubiri kwa wiki kadhaa wakidhani mzigo uko Dar es Salaam, kumbe uko Mwanza ukikaribia kurudishwa.

Sababu ya mwisho hutokana na mfumo wa anwani. Kwa miaka mingi barua nchini Tanzania zimepelekwa kwenye masanduku ya posta (S.L.P.), si nyumbani. Mkazi wa Igogo asiye na sanduku hutumia la shule, kanisa, msikiti au mwajiri wake. Karatasi ya kumwarifu kwamba ana kifurushi huwekwa katika sanduku hilo, na inaweza kukaa huko bila yeye kupata habari. Ndiyo maana namba ya simu ya mpokeaji iliyoandikwa kwenye kifurushi ni muhimu kuliko mtumaji wa nje anavyofikiri. Siku hizi pia kuna anwani za makazi na postikodi, na postikodi za mkoa wa Mwanza huanza na 33.

Sababu za kuzuiwa forodhani

Tamko lisilokamilika. Kila kifurushi chenye bidhaa hubandikwa fomu ya tamko la forodha, ama CN22 kwa vitu vidogo au CN23 kwa vifurushi na vitu vya thamani kubwa zaidi. Fomu hueleza kilichomo, idadi, uzito na thamani. Maneno kama "vitu binafsi" au "zawadi" peke yake hayamwambii ofisa kilichomo. Tangu mwaka 2021 kanuni za Umoja wa Posta Duniani hutaka taarifa hizo zitumwe pia kwa njia ya elektroniki kabla kifurushi hakijafika.

Thamani inayotiliwa shaka. Bei iliyoandikwa ikiwa ndogo mno, forodha huomba ankara, risiti au uthibitisho wa malipo. Kutoa tamko la uongo ni kosa chini ya sheria. Kuandika kwamba kitu ni zawadi hakukiondolei ukaguzi.

Vitu vinavyohitaji kibali. Dawa na vifaa tiba husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), mbegu na mimea na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), chakula na vipodozi na Shirika la Viwango (TBS), na vifaa vya mawasiliano na TCRA. Mgonjwa anayetumiwa dawa kutoka nje anapaswa kuwa na cheti cha daktari na kuulizia kibali kabla dawa haijatumwa, kwani dawa inayokaa ghalani inaweza kuharibika au kupitwa na muda.

Vitu vilivyopigwa marufuku. Dawa za kulevya, vilipuzi na vitu vinavyowaka kwa urahisi haviruhusiwi katika posta ya kimataifa. Tanzania pia imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 1 Juni 2019.

Ushuru usiolipwa. Kifurushi kimekaguliwa na kukadiriwa, lakini mpokeaji hajui au hajalipa.

Hesabu ya ushuru

Tanzania hutumia Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika mwaka 2005, pamoja na viwango vya pamoja vya ushuru vya jumuiya hiyo. Viwango vikuu ni asilimia 0, 10 na 25, na kingine cha asilimia 35 kilichoongezwa Julai 2022. Vitabu vilivyochapishwa viko katika asilimia 0.

Ushuru hauhesabiwi kwa bei ya kitu peke yake. Kwa bidhaa zinazokuja kwa meli, huhesabiwa kwa bei pamoja na gharama za usafirishaji na bima; kwa zinazokuja kwa ndege, gharama za usafirishaji haziongezwi katika thamani ya forodha. Kisha kodi ya ongezeko la thamani (VAT), ambayo Tanzania Bara ni asilimia 18, hutozwa juu ya jumla inayojumuisha ushuru huo. Kwa mfano, bidhaa ya kundi la asilimia 25 iliyonunuliwa kwa shilingi 200,000 na kusafirishwa kwa meli kwa shilingi 50,000 huhesabiwa hivi:

- thamani ya forodha: 250,000;
- ushuru wa asilimia 25: 62,500;
- VAT ya asilimia 18 ya 312,500: 56,250;
- jumla: shilingi 118,750, kabla ya tozo nyingine ndogo.

Posta inaweza kuongeza ada yake ya kuwasilisha kifurushi forodhani na ada ya kukihifadhi. Mpokeaji ana haki ya kuonyeshwa makadirio na kupewa risiti. Kwa sababu hesabu huanzia kwenye bei, ankara halisi ni kinga yake: bila ankara, ofisa hukadiria mwenyewe.

Hatua za kuchukua

Hatua ya kwanza ni kupata namba kamili kutoka kwa mtumaji, pamoja na picha ya stakabadhi na ya fomu ya forodha. Namba hiyo huangaliwa katika tovuti ya posta ya nchi ilikotoka na ya Shirika la Posta Tanzania, kwa kuwa moja inaweza kuwa na taarifa ambazo nyingine haina.

Hatua ya pili ni kwenda posta iliyo karibu, au posta kuu ya jijini Mwanza, na kitambulisho, namba ya ufuatiliaji na ankara. Kama kifurushi kiko chini ya jina la mtu mwingine au shule, barua ya idhini huhitajika. Ikiwa kimezuiwa Dar es Salaam, mpokeaji anaweza kuuliza kama nyaraka zinaweza kupelekwa kupitia ofisi ya Mwanza au kwa barua pepe, badala ya kusafiri.

Hatua ya tatu, ikiwa hakuna tukio jipya, ni ulizo rasmi. Kwa kawaida ulizo hufunguliwa na mtumaji katika posta alikotumia, kwa kuwa yeye ndiye aliyefanya mkataba wa kusafirisha na ndiye mwenye stakabadhi. Posta hiyo huiandikia posta ya Tanzania, ambayo hutakiwa kujibu. Fomu inayotumika huitwa CN08. Kwa vifurushi na vitu vya rejista au bima, ulizo hupokelewa ndani ya miezi sita kuanzia siku inayofuata ile ya kutuma. Mpokeaji anayezunguka ofisi za Mwanza kwa miezi saba bila kumwambia mtumaji afungue ulizo anaweza kukuta mlango wa fidia umefungwa.

Fidia hulipwa kwa kitu kilichopotea, kuibiwa au kuharibika, na kwanza ni haki ya mtumaji, ambaye anaweza kumwachia mpokeaji. Hailipwi kwa faida iliyokosekana. Posta pia haiwajibiki kwa uamuzi wa forodha wala kwa kitu kilichotaifishwa kwa sheria ya nchi.

Malalamiko na rufaa

Mtu asiyeridhika na huduma ya posta huanza kwa kulalamika kwa maandishi posta yenyewe. Asipopata suluhu anaweza kulipeleka lalamiko TCRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza.

Uamuzi wa forodha una njia yake. Kifungu cha 229 cha sheria ya forodha ya jumuiya humruhusu mtu aliyeathiriwa kuomba uamuzi upitiwe upya ndani ya siku 30. Kamishna naye ana siku 30 za kutoa jibu kwa maandishi, na asipojibu ombi huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Ombi likikataliwa, hatua inayofuata ni Bodi ya Rufani za Kodi. Ombi la maandishi lenye tarehe lina nguvu hapa kuliko mazungumzo ya dirishani.

Mizigo isiyogombolewa haikai milele. Kifurushi cha posta kisichochukuliwa hurudishwa kwa mtumaji au hushughulikiwa kama mtumaji alivyoelekeza kwenye fomu, na bidhaa zilizoachwa katika ghala la forodha zinaweza kutangazwa na kuuzwa kwa mnada.

Utapeli

Matapeli hutumia hofu ya kupoteza mzigo. Njia ya kawaida ni ujumbe wa simu unaodai kwamba kifurushi chenye zawadi au fedha kutoka kwa rafiki wa mtandaoni kimezuiwa uwanja wa ndege, na kwamba mpokeaji atume pesa kwa namba ya mtu ili kiachiwe. Baada ya malipo ya kwanza hudaiwa ya pili.

Malipo halali ya serikali nchini Tanzania hufanywa kwa namba ya malipo, maarufu kama kontroli namba, ambayo huonyesha jina la taasisi inayolipwa. Hayapelekwi kwenye simu ya ofisa. Ujumbe unaotiliwa shaka usijibiwe. Namba ya kifurushi iangaliwe kwanza katika tovuti ya posta, na mtu asiyengoja kifurushi chochote hana sababu ya kulipa. Ujumbe wa utapeli unaweza kuripotiwa kwa kutuma kwenda 15040 namba ya simu uliyotoka.

Jinsi ya kupunguza ucheleweshaji

Sehemu kubwa ya ucheleweshaji inaweza kuzuiwa kabla kifurushi hakijatumwa:

- mpokeaji ampe mtumaji jina lilivyo kwenye kitambulisho, S.L.P., mji, namba ya simu yenye +255, na neno TANZANIA katika mstari wa mwisho;
- mtumaji achague huduma yenye ufuatiliaji na atunze stakabadhi;
- kila kitu kitajwe kwa jina, idadi na bei halisi, na ankara iwekwe ndani na nakala nje;
- vitu vinavyohitaji kibali visichanganywe na vingine, kwani chupa moja ya dawa inaweza kuzuia vitabu vyote vilivyo ndani ya boksi hilo;
- mwenye sanduku la posta linalotumika aarifiwe kwamba kuna kifurushi kinakuja;
- tarehe ya kutuma iandikwe, ili miezi sita ya ulizo isipite.